Filamu za maisha ya magwiji wa muziki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila filamu mpya ya msanii mkubwa ikitoka maswali ni yale yale na mabishano ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa nikayajibu kadiri ninavyojua. Nazipenda sana hizi filamu, zingine nimezirudia mara tatu nne, na inaniuma ikiharibika, kwa sababu inamhusu mtu ambaye watu wameoana na nyimbo zake na wamezika wapendwa wao na nyimbo hizo hizo.

Ugumu uko wapi hasa? Si stori ipo tayari, mtu ameshaishi maisha yake?

Hapo ndo mtego wenyewe. Maisha hayaendi kama stori. Mtu ameishi miaka 60 au 70, ana ndoa tatu, albamu 20, mameneja watano, na wewe una saa mbili tu. Ukitaka kuingiza kila kitu unapata ile filamu ambayo wote tunaijua hata kabla hatujaiona: utoto wa shida, baba asiyeelewa, gitaa la kwanza, mtu wa lebo anasikiliza anabaki mdomo wazi, pesa, ulevi, mke analia jikoni, anaanguka, anainuka, shoo kubwa ya mwisho, alafu maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanatuambia alikufa mwaka gani. Mpangilio huu umezoeleka mpaka mwaka 2007 Marekani walitoa filamu nzima ya vichekesho, Walk Hard, ya kuucheka, na bado mpaka leo watu wanaandika skripti zile zile.

Alafu kuna ugumu wa pili ambao hausemwi sana: kazi ya mwanamuziki inafanyika kichwani. Bondia ana mpinzani mbele yake, kamera inaona ngumi. Mtunzi yuko peke yake na kinanda, anabonyeza noti ile ile mara mia, anafuta mstari, anaurudisha, anaufuta tena. Hiyo utaionyeshaje mtazamaji asisinzie? Wengi wanakwepa, wanakimbilia ulevi na mapenzi kwa sababu hivyo vinaonekana kwa macho, mwishowe unatoka unajua alilala na nani ila hujui kwa nini wimbo wake unakusisimua mpaka leo.

Ukitaka kutengeneza filamu ya msanii unaomba ruhusa kwa nani?

Ruhusa ziko za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza ni ya maisha yenyewe. Mambo yanayojulikana hadharani, yaliyoandikwa magazetini au kusemwa mahakamani, kwenye nchi nyingi hayana mwenyewe, unaweza kuyasimulia bila kumlipa mtu, na ndo maana kuna vitabu kibao vya maisha ya mastaa ambavyo mastaa wenyewe hawakuvibariki. Ukisikia prodyuza kanunua haki za maisha ya mtu ujue kikubwa alichonunua ni ushirikiano, yaani barua, picha za nyumbani, watu wa karibu kukubali kuongea, na ahadi kwamba hawatampeleka mahakamani.

Ya pili ni ya nyimbo, na hii ndo inayoua filamu. Kila wimbo una wenyewe wawili. Kuna mwenye utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna mwenye masta, yaani ile rekodi unayoisikia redioni, na mara nyingi ni watu tofauti kabisa, mmoja kampuni inayosimamia utunzi na mwingine lebo. Mwigizaji akiimba upya unahitaji ruhusa ya utunzi peke yake, ukitaka sauti ya asili unahitaji zote mbili, na mmoja akikataa basi, umekwama.

Mfano upo wazi. Jimi: All Is by My Side ya 2013, kuhusu mpiga gitaa Jimi Hendrix, ilikosa ruhusa ya wasimamizi wa mirathi yake, kwa hiyo ikabidi ibanwe kwenye kipindi kabla hajatoka sana na imwonyeshe akipiga nyimbo za watu wengine. Fikiria, filamu ya Hendrix haina utunzi wa Hendrix! Stardust ya 2020 kuhusu David Bowie ikakumbana na kitu hicho hicho, mtoto wa Bowie alisema wazi kwamba familia haijatoa nyimbo. Sasa ukishaelewa hili utaelewa karibu kila kitu kingine kwenye hizi filamu, maana anayeshika nyimbo anashika na kalamu. Anaweza kukwambia sini ile ya kumpiga mke itoke la sivyo nyimbo hupati, na wewe bila nyimbo huna filamu.

Kwa hiyo familia au msanii mwenyewe akiwa prodyuza tusiamini kitu?

Hapana, usiende mbali hivyo. Selena ya 1997, kuhusu mwimbaji Selena, ilitengenezwa miaka miwili tu baada ya yule binti kuuawa, baba yake akiwa mmoja wa maprodyuza, na ina ukaribu ambao mgeni asingeupata. Elton John alikuwa ndani ya Rocketman ya 2019 na alisema hadharani kwamba kuna studio zilizotaka wapunguze mambo ya madawa na mapenzi, yeye akagoma, kwa sababu hayo ndo maisha aliyoishi. Na Ray Charles, ambaye alikuwa kipofu, alipewa skripti ya Ray kwa maandishi ya nukta nundu aisome kwa vidole, akapinga vitu vichache tu, heroini na wanawake akaviacha vyote vikabaki. Alifariki Juni 2004, miezi michache kabla filamu haijaingia kumbini, na mimi kila nikiiangalia namheshimu zaidi kwa kukubali kuonekana vile.

Ila upande wa pili upo. Straight Outta Compton ya 2015, kuhusu kundi la rap la N.W.A, maprodyuza wake walikuwemo Dr. Dre na Ice Cube, wenyewe waliokuwa kwenye kundi hilo, ni filamu yenye nguvu sana na iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, lakini ukatili wa Dre kwa wanawake haukuwemo kabisa, na baada ya filamu kutoka kelele zikawa kubwa mpaka akatoa tamko la kuwaomba radhi wanawake aliowaumiza. Hilo tamko lingekuwa sini bora kuliko nusu ya zile zilizomo. Bob Marley: One Love ya 2024 ilikuwa na mjane na watoto wake kama maprodyuza, nyimbo zote zikapatikana, ila Bob mwenyewe anatoka laini mno kwangu, hasira yake na ubishi wake unavisikia kwenye albamu kuliko kwenye filamu.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni je, yule aliyetoa ruhusa alikubali kuonekana vibaya mahali popote? Kama hakuna hata sini moja inayomwaibisha, hiyo ni tangazo refu.

Mwigizaji aimbe mwenyewe au watumie sauti ya asili?

Hapa watu wanagombana kweli kweli, na ukweli ni kwamba njia zote zimewahi kufaulu. Sissy Spacek aliimba mwenyewe nyimbo za Loretta Lynn kwenye Coal Miner's Daughter ya 1980 akachukua Oscar. Joaquin Phoenix na Reese Witherspoon waliimba wenyewe kwenye Walk the Line ya 2005, filamu ya Johnny Cash, Reese akachukua Oscar. Upande wa pili Jamie Foxx anapiga kinanda mwenyewe kwenye Ray lakini sauti inayoimba sehemu kubwa ni ya Ray Charles, naye akachukua Oscar, na Jennifer Lopez kwenye Selena anafuatisha midomo juu ya sauti ya Selena. Alafu kuna wanaochanganya: kwenye Bohemian Rhapsody ya 2018 unachosikia ni Freddie Mercury wa bendi ya Queen, muimbaji mwingine anayeitwa Marc Martel, na vipande vya Rami Malek mwenyewe, vimeshonwa pamoja. Kwenye Elvis ya 2022 Austin Butler anaimba zile za ujana, Elvis anapozeeka sauti ya Elvis mwenyewe inaingia.

Mimi naona mabishano haya yanakosea mahali pa kuangalia. Usiangalie midomo, angalia shingo. Mtu anayeimba kwa nguvu anavuta pumzi mabega yanapanda, mishipa inasimama, tumbo linajikaza, na kabla ya noti ya juu macho yanabadilika kidogo kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Mwigizaji anayefungua mdomo tu huku spika zinapiga wimbo hana hayo yote na utalihisi hata kama hujui ni nini kinakusumbua. Ndo maana hata sauti yake ikiwa haitatumika anatakiwa aimbe kwa sauti kamili mbele ya kamera, kila mara, mpaka akauke koo.

Faida ya kuimba mwenyewe ni kitu kimoja kikubwa: unaweza kuimba vibaya. Kwenye A Complete Unknown ya 2024 Timothée Chalamet alikuwa na kama miaka mitano ya kujiandaa kwa sababu filamu iliahirishwa ahirishwa, na sehemu kubwa aliimba na kupiga gitaa pale pale wakati kamera inarekodi, kwa hiyo unamsikia Bob Dylan anayesitasita, anayejaribu, anayeimbia watu wawili chumbani. Rekodi ya asili haiwezi kukupa hicho, ilishakamilika zamani, ni ile ile siku zote. Lakini kama msanii wako sauti yake yenyewe ndo muujiza, mtu kama Édith Piaf wa Ufaransa, basi usijidanganye, chukua sauti yake na umpe mwigizaji kazi ya mwili, kama Marion Cotillard alivyofanya kwenye La Vie en Rose ya 2007.

Kufanana sura kuna umuhimu gani?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Meno ya bandia ya Rami Malek yalisemwa kuliko uigizaji wake. Kilichombeba ni jinsi alivyojifunza kutembea, kugeuka, kushika kile kijiti cha maiki, na alikuwa na mwalimu wa miondoko kwa ajili hiyo tu. Kwenye I'm Not There ya 2007 waigizaji sita tofauti wanamcheza Dylan, mmoja wao ni Cate Blanchett, mwanamke, na ndo anayekaa kichwani kuliko wote. Better Man ya 2024 ilimweka Robbie Williams kama sokwe kutoka mwanzo hadi mwisho, na dakika kumi baadaye umeshasahau.

Ila kuna mpaka, na mpaka ni pale sura yenyewe ilipokuwa sehemu ya maisha ya msanii. Nina ya 2016 ilimchukua Zoe Saldana ikampaka meikapu kumfanya mweusi zaidi na kumwekea pua ya bandia ili awe Nina Simone, mwanamke ambaye weusi wake na sura yake vilimfungia milango na akaimba juu ya hilo maisha yake yote. Watu walikasirika na walikuwa na haki, na mwaka 2020 Saldana mwenyewe aliomba radhi akasema hakupaswa kuichukua ile kazi.

Kwa nini wanabadilisha ukweli? Si waseme tu kilichotokea?

Kubadilisha kidogo hakuepukiki. Mameneja watatu wanakuwa mmoja, miezi minane inakuwa wiki moja, maongezi ya chumbani hakuna aliyeyarekodi kwa hiyo lazima yatungwe. Hilo sina shida nalo.

Shida ni uongo unaobadilisha maana. Bohemian Rhapsody inaonyesha bendi imevunjika, wanarudiana kwa ajili ya Live Aid, tamasha kubwa la hisani la tarehe 13 Julai 1985, na Freddie anawaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya shoo. Lakini Queen walikuwa hawajavunjika, walitoa albamu 1984 na walikuwa kwenye ziara mpaka Mei 1985, na inavyofahamika Freddie aligundulika na virusi vya UKIMWI miaka kama miwili baada ya Live Aid. Yaani waliuhamisha ugonjwa wa mtu ili shoo iwe na machozi. Nililia nilipoiona mara ya kwanza, alafu nilipojua nikajisikia nimeibiwa. Na huyu ni mtu aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 akasoma shule ya bweni India kabla hajafika Uingereza, utoto wenye filamu yake yenyewe ndani, hawakuuonyesha, wakaona bora wabuni ugomvi wa bendi.

Linganisha na Amadeus ya 1984. Mtunzi Salieri hakumuua mtunzi mwenzake Mozart, hakuna ushahidi wowote, kile ni kisa kilichotungwa na filamu haijifichi, tangu mwanzo tunasimuliwa na mzee aliye hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye humwamini sana. Lakini inasema kweli kuhusu kitu kimoja, maumivu ya kuwa na kipaji cha kutosha kutambua kwamba mwenzako amekuzidi. Uongo huo unamleta Mozart karibu, ule wa Queen unamsukuma Freddie mbali.

Ni bora kuonyesha maisha yote au kipande?

Kipande. Dairekta James Mangold ni mfano mzuri kwa sababu amefanya zote mbili: Walk the Line inarudi mpaka utoto wa Johnny Cash na kupanda nao, miaka karibu 20 baadaye anafanya A Complete Unknown anachukua 1961 mpaka 1965 tu, Dylan anaingia New York na gitaa lake, mwishoni anapiga muziki wa umeme kwenye tamasha la muziki wa folk la Newport watu wanazomea, basi. Hatumwoni utotoni, hatumwoni mzee, na tunamjua vizuri zaidi. Filamu ya Bruce Springsteen ya 2025 imebaki kwenye kipindi cha kurekodi albamu moja, Nebraska ya 1982.

Ukitaka maisha yote lazima uvunje mpangilio kama La Vie en Rose, inayoruka kutoka uzeeni kwenda utotoni na kurudi kama mgonjwa anayekumbuka usiku. Ni hatari, kuna mahali inapotea, ila haichoshi.

Mbona sini za kutunga wimbo zinakuwa za uongo sana?

Kwa sababu wanaandika jibu bila swali. Mtu anagombana na mpenzi wake, mpenzi anatamka sentensi, kamera inasogelea uso wa msanii, sini inayofuata yuko studio wimbo umekamilika. Hakuna wimbo unaotungwa hivyo na hata wasiojua muziki wanahisi.

Nenda kaangalie Love & Mercy ya 2014. Brian Wilson wa Beach Boys, anayechezwa na Paul Dano, yuko studio mwaka 1966 anarekodi albamu ya Pet Sounds, anazunguka kati ya wapiga ala wa kukodi, anamwambia huyu apige hivi, anarudisha, anarudisha tena, anaweka vibanio kwenye nyaya za piano atafute sauti iliyoko kichwani mwake peke yake. Wale wapiga ala wakongwe wanatazamana, mwanzo kwa wasiwasi alafu kwa mshangao, na kupitia sura zao sisi tusiojua lolote tunaelewa kwamba kuna kitu kinazaliwa. Hiyo ndo siri kwa maoni yangu, muweke mtu chumbani anayesikia. Mtunzi hatujui kinachoendelea kichwani mwake ila anayemsikiliza uso wake unasema.

Zile shoo kubwa wanazipigaje?

Chukua Bohemian Rhapsody. Live Aid ilikuwa ndani ya uwanja wa zamani wa Wembley ambao ulishabomolewa, kwa hiyo jukwaa walilijenga upya kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Bovingdon, wakawapiga picha watu mia kadhaa, kompyuta ikazidisha umati. Na ndo sini walizoanza nazo kabisa kwenye ratiba, yaani Malek alimaliza mlima kabla hajajua njia.

Kwa nini zinachukua miaka mingi hivyo?

Dairekta wa Ray alipata haki za stori mwaka 1987, filamu ikatoka 2004, katikati hapo hakuna studio iliyotaka kuweka pesa. Bohemian Rhapsody ilitangazwa 2010, Sacha Baron Cohen aliyetakiwa kumcheza Freddie akajitoa 2013 baada ya kutoelewana na bendi kuhusu filamu iweje, dairekta Bryan Singer akafukuzwa Desemba 2017 katikati ya kazi, Dexter Fletcher akaimalizia. Alafu ikaingiza zaidi ya dola milioni 900 na Oscar nne. Tangu hapo kila studio inatafuta staa wake, mpaka Sam Mendes anatengeneza filamu nne za Beatles kwa mpigo, moja kwa kila mmoja wao, zinatarajiwa Aprili 2028.

Si bora kutazama dokumentari tu?

Kama unataka kumjua alivyokuwa, ndiyo, sibishi. Amy ya 2015 kuhusu Amy Winehouse ina sauti yake, video za simu za marafiki, na ilichukua Oscar, na hata hiyo baba yake aliilalamikia. Lakini dokumentari inaishia pale kamera zilipokuwepo. Ule usiku wa saa tisa ambao hakuna aliyerekodi, mtu yuko na daftari lake, hapo ni mwigizaji tu anayeweza kuingia.

Naandika skripti ya msanii ninayempenda, nianzie wapi?

Kwanza kabla hujaandika ukurasa mmoja jua nani anamiliki utunzi na nani anamiliki masta za ile nyimbo ambayo bila yenyewe filamu haipo. Wapigie, waandikie, upate hata hapana yao mapema. Ukikataliwa bado unaweza kuchagua kipindi ambacho wimbo haujatungwa.

Alafu tafuta watu wasio maarufu. Mpiga besi aliyeachwa, fundi mitambo wa studio, dereva wa ziara, jirani aliyesikia mazoezi ukutani. Wenye jina wameshasimulia stori zao mara elfu mpaka zimelainika, hawa wengine hakuna aliyewahi kuwauliza, na mmoja wao ndo atakayekuwa yule mtu wa chumbani anayesikia. Ukimpata huyo, sini yako ya kwanza umeshaipata.